Kahawia ipi? Miaka mitatu nikikifuata kiyoga cha Amani

Ukiipima kofia yake kwa rula utapata milimita tatu, nne kikiwa kimekomaa sana. Punje ya mtama inatosha kuifunika. Mguu ni mweusi, unang'aa, mwembamba kama unywele wa mkia wa farasi, na usipoinama mpaka pua ikaribie majani makavu utakikanyaga na kupita zako. Mimi nilikiona mara ya kwanza Aprili 2021 kwa sababu niliteleza. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha usiku kucha juu ya Usambara Mashariki, njia ya msitu wa Amani ilikuwa utelezi mtupu, na nilipoinua uso nikakuta viyoga vitatu vimesimama kwenye mshipa wa jani la msambu lililooza nusu, miavuli yao imefunguka.

Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Utafiti wangu ulihusu uyoga unaoliwa, hasa ule mkubwa wa kwenye vichuguu ambao akina mama huuuza kando ya barabara msimu wa mvua. Viyoga vile havikuwa kazi yangu. Nikavichuma hata hivyo, kwa kuwa vilinipendeza, nikavitia kwenye kasha la kiberiti pamoja na vingine vidogo nilivyookota njiani siku ile, nikaendelea na safari. Sikuandika kitu.

Nayaeleza makosa haya bila kuyapunguza kwa sababu wanafunzi wanaoanza kazi hii hunijia wakiuliza kuhusu hadubini, kuhusu vinasaba, kuhusu jina la Kilatini na jinsi linavyotungwa. Sijapata hata mmoja aliyeniuliza kuhusu daftari na penseli, na kwangu mimi kila kitu kiliharibikia hapo.

Jioni ile umeme ulikatika. Uyoga wa kuhifadhiwa hukaushwa polepole, kwenye hewa inayopita, joto la nyuzi 40 hadi 45 hivi. Mimi niliwasha jiko la mkaa, nikauweka juu ya wavu wa kuchomea samaki. Baada ya nusu saa vyote vilikuwa vikavu kabisa, vinavunjika kama biskuti, na nikalala nimeridhika.

Wiki mbili baadaye mwalimu wangu, mama ambaye ameishi na kuvu tangu ujana wake, alilifungua lile kasha kwa kibano. Alikaa kimya kitambo.

"Hivi vilikuwa na rangi gani?"

"Kahawia, Profesa."

"Kahawia ipi?"

Nilinyamaza.

"Ya kahawa mbichi, ya iliyokaangwa, au ya iliyotiwa maziwa? Katikati ya kofia na ukingoni ni rangi moja? Matamvua ni meupe au yana unjano? Mangapi yanafika kwenye mguu? Vimeota juu ya jani la mti gani? Na hivi viwili hapa, ni vya jani lile lile au uliviokota kwingine?"

Niliweza kujibu swali la jani tu. Mengine yote niliyaacha Amani.

Swali lake la kwanza halijaniacha hadi leo. Kiswahili kinapotaja rangi hukuonyesha kitu: kijivu ni majivu, kijani ni jani, zambarau ni tunda, kahawia ni kahawa. Kwa miaka mingi niliuona huo kuwa upungufu, kwamba wenzetu wana majina ya rangi na sisi tunaazima vitu. Kumbe mtaalamu wa kuainisha uyoga, awe wa nchi gani, hufanya hivyo hivyo. Hubeba msituni kitabu cha vipande vya rangi vilivyochapwa, akaweka kofia ya uyoga kando ya kipande kimoja baada ya kingine mpaka vifanane, akaandika namba. Naye anatafuta kitu cha kulinganisha. Lugha yangu ilikuwa imenipa desturi hiyo bure, nami nilitamka "kahawia" nikasahau kwamba kuna kahawa ndani yake.

Hadubini ilimalizia kilichobaki. Seli zilizoungua hazivimbi tena ukizidondoshea dawa. Nilichokiona kwenye kioo ni mikunjo na vipande. Tukapeleka kipande kingine kusomwa vinasaba, na majibu yalipokuja yalikuwa ya ukungu wa kawaida, ule unaoota kwenye mkate. Uyoga wenyewe ulikuwa umeangamizwa na moto, ukungu uliodandia baadaye ndio uliosomeka.

"Hapa kuna kitu," mwalimu alisema akiniangalia. "Ila hatuwezi kukisema."

Maana ya maneno hayo ni ya kisheria kabisa. Spishi mpya haiingii katika sayansi kwa mtu kuiona. Inahitaji maelezo yanayoonyesha inavyotofautiana na jamaa zake, na inahitaji sampuli moja halisi, holotaipu, iliyohifadhiwa mahali pa umma ili mtu yeyote, hata miaka 100 ijayo, aifungue bahasha ile na kuhakiki. Jina linafungwa kwenye sampuli hiyo. Mimi nilikuwa na vitatu vilivyokaangwa, vimechanganyika na vingine.

Nikarudi Amani 2022. Huo ulikuwa mwaka wa ukame, mvua zilikuja kwa kusuasua, na majani ya chini yalikuwa yanalia chini ya viatu mwezi ambao yangepaswa kuwa yameloa. Nilikaa siku tisa nikitambaa. Nilipata jamaa zake wa mbali, weupe na wa rangi ya chungwa, nikajifunza kwao kukausha kwa taratibu na kuandika kabla ya kuchuma. Chenyewe sikukipata.

Aliyekipata ni mzee anayetuongoza msituni. Huyu ni mzaliwa wa milima ile, anaujua msitu kwa miti yake na ndege wake, na kwa muda wote huo sikuwahi kumweleza vizuri ninachotafuta, nikidhani kitu kidogo kiasi kile hakiwezi kuwa kwenye elimu yake. Novemba 2023, mwaka wa mvua za El Niño, tulikuwa tumejibanza chini ya mti tukingoja manyunyu yapungue.

"Huo uyoga wako unaliwa?" akaniuliza.

"Hauliwi, Mzee. Hata ukichuma mia hujazi kijiko."

"Una mguu wa namna gani?"

"Mweusi. Kama unywele."

Akanitazama. "Mwanangu, nywele nyeusi za msituni mbona ndege chozi anafumia kiota?"

Hakungoja mvua ikatike. Alinipeleka hatua mia hivi, akanionyesha kiota kinachoning'inia kwenye kijiti, kizee, kimeachwa. Ukutani mwake kulikuwa na nyuzi nyeusi ngumu zimezungushwa humo kama ukili. Nikaushika mmoja. Ulikuwa ule ule mguu, ila mrefu kuliko mkono wangu na hauna kofia.

"Wewe unatafuta chini," alisema. "Hizi anazitoa juu."

Nilikuwa nimesoma habari hiyo na bado sikuiunganisha. Baadhi ya uyoga wa jenasi ya kiyoga changu, yaani kundi la spishi jamaa liitwalo Marasmius, hutoa nyuzi zinazotambaa kutoka kijiti hadi kijiti, hata kwenye vichaka vilivyo juu ya kichwa cha mtu, zikafanya wavu. Jani linalodondoka kutoka mti mkubwa linanaswa kabla ya kufika chini. Kuvu inalishika, inalifunga, inalila huko huko hewani, ikilibadilisha kuwa jeupe na laini. Ndege wa nchi nyingi za tropiki hupenda nyuzi hizo kwa sababu ni imara na hazinyonyi maji sana. Vile vitatu nilivyoviona 2021 vilikuwa vimeanguka na jani lao. Miaka miwili nzima nilitambaa chini ya makazi yao.

Tuliinua macho, na kwenye kichaka cha nne, usawa wa kifua changu, majani ya msambu yalikuwa yamening'inia kwenye nywele nyeusi kama nguo kwenye kamba, na juu yake viyoga kumi na vinne.

Nilikaa saa mbili mbele ya jani moja. Kwanza nilipiga picha kabla ya kugusa, juu, chini na ubavuni, rula ikiwa kando. Kisha nikaandika, mwavuli umeshikwa na mzee juu ya daftari. Kofia: katikati kahawa iliyokaangwa, ukingoni chai ya maziwa iliyopoa, ina mifereji kutoka kati hadi ukingo kama mwavuli uliokunjwa mara nyingi. Matamvua, yale makunjo ya chini ya kofia, ni meupe kama tui, machache, yamekaa mbalimbali. Yanayokwenda kati ni saba hadi tisa. Hayakugusa mguu. Yamejishika kwenye kola ndogo inayouzunguka mguu bila kuushika, na kola hiyo ni alama kubwa katika kundi hili. Harufu: hakuna. Mguu mweusi, juu kabisa penye kofia una wekundu wa mahindi ya kuchoma. Jani la msambu, bado liko kwenye kijiti, limeloa.

Niliandika kwa Kiswahili chote. Sikupanga hivyo, ila kwenye manyunyu yale ndiyo lugha iliyokuja haraka kuliko jicho kuchoka, na nilipoyasoma maelezo hayo miezi baadaye niliviona tena viyoga vile waziwazi. Tangu hapo sijaandika maelezo ya msituni kwa lugha nyingine.

Viwili nikavitia kwenye silika jeli, chembe zinazofyonza unyevu, palepale kwa ajili ya vinasaba. Vingine vilisafiri kwenye kasha lenye vyumba, kila jani chumba chake, namba yake. Kofia moja niliilaza usiku juu ya kioo cha hadubini nikaifunikia kikombe, ili idondoshe spora zenyewe, yaani vumbi la uzazi la uyoga, maana spora zilizodondoka ndizo zilizokomaa. Kikaushio tuliendesha kwa jenereta ya kukodi.

Nilipofika kwenye hadubini nilifanya kosa jingine, dogo, ambalo nadhani wengi hulifanya bila kulijua. Spora zina urefu na upana, na kwa kawaida unapima 30 kutoka kila sampuli chini ya lenzi ya mafuta. Nilipima, nikapeleka jedwali. Profesa akalitazama, akaniambia vipimo vyangu ni vizuri mno. Nilikuwa nachagua. Jicho lilikwenda lenyewe kwenye spora nzuri, ndefu, iliyotulia, likaruka fupi na iliyoinama. Akanikalisha, akaniamuru nianze pembe ya kushoto ya kioo na kupima kila iliyolala ubavu, moja baada ya nyingine, nipende nisipende. Urefu wa wastani ulishuka kwa karibu mikrometa moja, yaani sehemu moja kati ya elfu ya milimita. Katika kundi hili mikrometa moja inaweza kukupeleka kwenye spishi nyingine.

Ngozi ya kofia ndiyo iliyonifanya niite wenzangu waje waone. Unakata kipande chembamba sana kwa wembe, unakidondoshea potasiamu haidroksaidi ili seli zifumuke, na unaona kwamba uso wa kofia umejengwa kwa seli zenye shina fupi na juu yake vidole vingi vilivyosimama. Wataalamu huziita seli za ufagio. Ni fagio kweli, za chelewa, zimesimamishwa kichwa juu, maelfu kwa maelfu, zimeshonana. Kwenye kiyoga changu vidole hivyo vilikuwa virefu na vyenye rangi hadi chini kwenye shina, na hapo ndipo kilipoanza kujitenga na jamaa zake. Tone la Melzer, dawa yenye ayodini, liliugeuza mguu kuwa mwekundu wa matofali huku spora zikibaki bila rangi, kama inavyotakiwa kwa jenasi hiyo.

Safari hii vinasaba vilisomeka vizuri. Tulisoma kipande kiitwacho ITS, ambacho wataalamu wa kuvu walikipendekeza 2012 kiwe alama ya utambulisho wa kuvu zote, tukakilinganisha na vilivyomo kwenye hazina ya GenBank. Hakikufanana vya kutosha na chochote. Nilishangilia. Nilipiga simu nyumbani.

Profesa hakushangilia. Aliniuliza ni uyoga mingapi wa Usambara iliyomo kwenye hazina ile. Ukweli ni kwamba ni michache mno. Kutofanana na kitu kwenye hazina isiyo na uyoga wa kwenu hakuthibitishi kwamba uyoga huo ni mpya. Huenda umeshapewa jina zaidi ya miaka 100 iliyopita na mtu aliyeushika mkononi, ila hakuna aliyewahi kusoma vinasaba vyake. Ninamshukuru kwa swali hilo kuliko kwa lolote jingine alilonifundisha.

Maana Usambara ilishapekuliwa. Miaka ya 1890 wakusanyaji kama Carl Holst walikuwa wakituma mimea na kuvu kutoka milima hii hadi Berlin, na huko Paul Hennings akaeleza spishi nyingi za kuvu za Afrika Mashariki, mara nyingi kwa mistari michache ya Kilatini. Mwaka 1902 Wajerumani wakafungua taasisi yao ya utafiti pale pale Amani. Miezi mitano iliyofuata sikuigusa hadubini. Nilikuwa nasoma mistari ile michache, jina kwa jina. Nilipitia kazi ya David Pegler ya 1977 juu ya uyoga wa Afrika Mashariki, na ile ya Vladimír Antonín ya 2007 iliyokusanya Marasmius wa Afrika ya tropiki, ambayo bila hiyo ningepotea kabisa. Kila jina lililokaribia nililiwekea sababu ya kukataa: hili lina matamvua kumi na sita, hili spora zake ni ndefu mno, hili halina kola.

Majina mawili yalinisumbua kwa sababu maelezo yake ni mafupi hivi kwamba yanaweza kumfaa yeyote. Kwa kawaida ungeomba kuona sampuli yenyewe. Lakini hebaria ya Berlin, ghala la mimea na kuvu zilizokaushwa, ilipigwa bomu usiku wa tarehe 1 Machi 1943, na sehemu kubwa ya hazina yake ikateketea. Baadhi ya sampuli zilinusurika, au zilikuwa na nakala kwenye majumba mengine. Ya jina la kwanza tuliipata, tukaletewa picha za seli zake, haina uhusiano. Ya jina la pili haipo. Kilichobaki ni sentensi tatu, na ndani yake neno moja la Kilatini linalosema kofia ni nyeupe. Nilikaa na neno hilo siku nyingi. Mtu aliyeandika "nyeupe" mwaka ule aliniokoa, kwa sababu aliandika. Angekaa kimya kuhusu rangi, kama nilivyokaa mimi 2021, nisingeweza kusonga mbele.

Jina tulilochagua silitaji hapa. Jina la spishi halihesabiki hadi lichapishwe kwa utaratibu, na tangu 2013 ni lazima jina jipya la kuvu lipewe namba katika daftari la kimataifa, kama MycoBank au Index Fungorum. Naweza kusema tu kwamba halitokani na jina la mtu. Kanuni inaruhusu jina litokane na lugha yoyote, na sisi tumelitoa kwenye Kiswahili. Maelezo yenyewe ni habari nyingine. Kabla ya 2012 yalipaswa kuwa kwa Kilatini. Tangu tarehe 1 Januari mwaka huo Kiingereza nacho kinakubalika. Kiswahili hakihalalishi jina. Nimeyatia maelezo ya Kiswahili kwenye makala hata hivyo, chini ya yale ya kisheria, na mhakiki mmoja aliposhauri yaondolewe ili kupunguza kurasa nilimjibu kwa heshima kwamba yale ya juu yametokana na haya. Yamebaki.

Watu huniuliza faida yake. Kuvu zilizokwisha kupewa majina duniani ni kama 150,000, na makadirio ya 2017 yanasema zilizopo ni kati ya milioni 2.2 na milioni 3.8. Maana yake kazi nyingi za msitu zinafanywa na viumbe tusiowajua. Hiki kimoja kinashika majani hewani na kuyarudisha kuwa udongo, na bado hatukuwa na neno la kukiitia. Jibu hilo linanitosha mimi.

Mwezi uliopita nilipanda tena kutoka Muheza, nikapita Sigi, nikamkuta mzee nyumbani kwake. Baada ya shikamoo na habari za watoto nilimwonyesha picha za fagio, akawaita wenzake waje kuziona. Kisha nikatoa kimoja cha akiba, kikavu, kimejikunja kama kichwa cha kiberiti kilichoungua, nikakitia kwenye kijiko cha maji. Elias Fries wa Uswidi alipoitenga jenasi hii 1836 aliitambua hasa kwa tabia hiyo: hukauka bila kuoza, na ukiiloanisha hurudi. Mzee alikiinamia. Kikafunguka polepole, mfereji kwa mfereji, hadi kikawa mwavuli tena. Alihesabu matamvua kwa ncha ya jani la nyasi. Akapata manane.

Nikamsomea maelezo yote, ya Kiswahili, mwanzo hadi mwisho: kahawa iliyokaangwa, chai iliyopoa, tui, mahindi ya kuchoma, jani la msambu. Alisikiliza akitikisa kichwa.

"Na chozi?" akauliza. "Yeye mmemwandika wapi?"

Hatukuwa tumemwandika. Kulikuwa na sehemu nzima ya makazi ya kiyoga, na kiota hakikuwamo. Nikatoa daftari, nikamwomba anieleze tangu mwanzo ni chozi yupi, anafuma mwezi gani, na nywele zile anazitoa kwenye vichaka vipi.